Mzimu wa Kisimani na Wakwe kutoka Ng'ambo

Fusae Miyatake hakuanza kazi akiwa mzimu. Alipoingia kwa mara ya kwanza katika Bustani ya Michezo ya Hamakaze, kule juu ya kilima nje kidogo ya Takamatsu, aliajiriwa kuuza aiskrimu, na aiskrimu aliiuza vizuri tu. Halafu siku moja, katikati ya likizo ya shule, foleni ya watoto ikiwa imefika mpaka kwenye boti za bata, msichana aliyekuwa akikaa ndani ya kisima katika Nyumba ya Mizimu akaugua tumbo. Meneja, Bwana Okauchi, akaja mbio mpaka kwenye kibanda cha aiskrimu, jasho linamtiririka.

"Bi Fusae, wewe ni mwembamba."

"Asante," alisema Fusae.

"Kisima nacho ni chembamba. Twende."

Akavishwa kimono nyeupe, akawekewa wigi la nywele zilizomfika kiunoni, akapakwa poda usoni mpaka midomo ikapotea. Akapewa masharti mawili: asiseme neno, na asimguse mtu. Mtu wa kwanza kumtokea alikuwa polisi aliyekuja na mkewe siku yake ya mapumziko. Fusae aliinuka kisimani taratibu kama alivyoelekezwa, na yule polisi akapiga yowe, akamwacha mkewe palepale, akatoka mbio kwa mlango wa kuingilia. Fusae alijikunyata ndani ya kisima akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Tangu mumewe Isao afariki, hakuwa amecheka namna ile.

Yule msichana wa tumbo hakurudi tena kazini. Fusae akabaki kisimani.

Kazi aliipenda, na haikuwa kazi ya kuinuka na kuzama tu kama watu walivyodhani. Mle gizani aliwajua wageni kwa miguu yao kabla hawajafika. Vijana waliokuja kwa makelele na kusukumana ndio waliokuwa wa kwanza kulia. Wachumba walitembea kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Kwa watoto wadogo alikuwa na mzimu wake maalumu, ambao hakufundishwa na mtu: aliibuka polepole, akawapa mgongo, akachana nywele kwa kitana kama mwanamke aliyefumwa chumbani kwake, kisha akazama tena bila haraka. Watoto walitoka wakicheka, wakiwaambia baba zao waliotahayari, "Anachana nywele tu jamani!"

Aibu haikutoka kazini. Ilitoka shuleni kwa binti yake. Chinatsu alikuwa darasa la nne wenzake walipogundua, wakawa wanamfuata njiani: "Mtoto wa mzimu! Mama yako alikufa lini?" Siku moja Chinatsu alirudi nyumbani, akavua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, akasema bila kulia:

"Mama, siku ya wazazi ukiulizwa, sema bado unauza aiskrimu."

"Sawa," alisema Fusae.

Hakubishana naye, wala hakumlaumu. Lakini tangu siku hiyo akazoea kuizungukazunguka kazi yake kama mtu anayeruka dimbwi. Majirani wapya aliwaambia yuko bustanini, basi. Ofisi ya kodi aliiambia ni mfanyakazi wa maburudisho. Na siku Chinatsu, sasa mwanamke mzima anayetengeneza miwani dukani mjini, alipomleta nyumbani kijana wa Okayama aitwaye Keigo Hiramatsu, fundi wa lifti, mpole, mwenye masikio makubwa, Fusae alimwandalia chai akamsifu kwa kazi yake, ya kwake hakuitaja.

Baada ya uchumba kukubaliwa, mama yake Keigo alipiga simu. Jina lake Mitsuyo, na sauti yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Na wewe, Mama Chinatsu, tumesikia unafanya kazi Hamakaze. Upande gani, kama si vibaya kuuliza?"

Fusae aliangalia ukuta. "Upande wa... mapokezi."

"Aa, mapokezi! Kazi ya heshima hiyo. Lazima mtu ajue kuzungumza na watu."

"Kwa kweli huwa sizungumzi sana," alisema Fusae. Hapo hakudanganya.

Wiki chache baadaye Chinatsu alikuja amekunja uso. "Mama, huyu 'mkuu wa mapokezi' ametoka wapi?"

"Mimi nilisema mapokezi tu. Ukuu wameuongeza wenyewe huko Okayama."

"Mama yake Keigo anawaambia ndugu zake wote. Sasa tutafanyaje?"

"Tuseme ukweli."

"Tutasema. Baada ya harusi."

"Baada ya harusi lini?"

Chinatsu alifikiri. "Nikishapata mtoto wa pili."

Walicheka wote wawili, lakini Chinatsu alipoondoka, Fusae hakuona tena la kuchekesha. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na magoti yaliyoanza kulalamika. Hakuwahi kuiba wala kumdhulumu mtu. Iweje ajifiche kama mhalifu?

Siku ya wazazi wa pande mbili kukutana ilipangwa kuwa Jumapili moja ya mwezi wa nane, chakula cha saa kumi na moja jioni, katika mkahawa karibu na bandari. Fusae alikuwa ameomba ruhusa siku nzima. Jumamosi mzimu mwenzake akapatwa na homa, na Bwana Okauchi akamsihi kwa simu kwa sauti ya mtu aliyepiga magoti. "Mpaka saa nane tu, Bi Fusae. Saa nane na dakika moja nakutoa kisimani kwa mikono yangu." Akakubali. Suti yake ya buluu akaitundika kwenye kabati la kazini, imefunikwa nailoni.

Ambacho hakukijua, akaja kusimuliwa baadaye, ni kwamba akina Hiramatsu hawakungoja jioni. Walikuwa na mtoto, Koharu, binti wa dada yake Keigo, aliyekuwa ameahidiwa matembezi, kwa hiyo walipanda treni ya asubuhi wakavuka daraja la baharini wakaingia Takamatsu mapema. Walimpeleka kwenye handaki la ngome ya zamani, linalojaa maji ya bahari, akawalishe samaki changu. Koharu akawalisha mpaka chakula kikaisha. Alipoinua macho akaona, mbali juu ya kilima, gurudumu kubwa la kupanda likizunguka. Mambo ya ngome yakaishia hapo.

Saa saba hivi mchana Fusae alisikia miguu ya watu wawili ikija. Mmoja mdogo, mwenye haraka. Mwingine mzee, mwenye bakora, anayekanyaga kwa uangalifu kama anayepita kwenye ubao uliolowa.

"Bibi, shika hapa," ilisema sauti ya mtoto. "Usiogope. Mimi nipo."

"Siogopi mizimu," alijibu yule bibi. "Kwa umri wangu huu, hawa ni rika langu. Naogopa ngazi."

Fusae alitabasamu gizani, akachukua kitana. Aliinuka kidogokidogo, akawapa mgongo, akaanza kuchana nywele. Hapo hapo radi ikapiga mahali fulani nyuma ya kilima, ukuta ukatikisika, na umeme ukakatika. Ile taa ya kijani iliyokuwa ikiwaka chini ya kisima ikafa. Feni zikanyamaza. Giza la mle ndani likawa giza kweli.

Koharu alipiga kelele. Bakora ikaanguka sakafuni, kisha kikasikika kishindo laini, cha mtu aliyekaa chini bila kupenda.

Bwana Okauchi hakuwa amefundisha lolote juu ya jambo kama hili. Fusae alisubiri pumzi moja, kisha akasahau masharti yote mawili.

"Bibi! Umeumia?"

Sauti ya bibi ikaja, yenye tahadhari: "Nani anauliza?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mzimu."

"Basi sijaumia," alisema bibi. "Magoti tu yamekataa. Njoo, kama una mikono."

Fusae alijichomoa kisimani, akapapasa sakafuni mpaka akakuta bega lililokonda. Akamwegemeza kwenye ukingo wa kisima, akamvuta na mtoto, ambaye alikuwa akilia kwa kwikwi, akamkalisha katikati yao. Akawaambia umeme utarudi sasa hivi, radi hufanya hivyo mara nyingi hapo kilimani, na kwamba gizani si vizuri kutembea kwa sababu kuna mifupa ya plastiki imetapakaa njiani.

"Ya plastiki?" aliuliza Koharu.

"Yote. Ile ya mbavu imegandishwa kwa gundi, mguu mmoja tumeukosea, ni wa mbuzi."

Kwikwi zikapungua. Bibi aliushika mkono wa Fusae akaupapasa.

"Mkono wako una joto sana kwa mtu aliyekufa," alisema. "Samahani kwa usumbufu, mwanangu. Nimekuja leo moyo wangu hauko sawa, ndiyo maana miguu imeniacha. Jioni nina mtihani."

"Mtihani gani, Bibi?"

"Mjukuu wangu Keigo anaoa huku kwenu. Leo tunakutana na mama wa bibi harusi. Wanasema ni mtu mkubwa, mkuu wa mapokezi sijui wapi. Mkwe wangu Mitsuyo amenipanga toka wiki jana: Mama, usiseme kwa sauti. Mama, usitaje chaza. Mimi nimefungua chaza kule Hinase maisha yangu yote, kwenye vibanda vya bandarini, kisu mkononi, maji ya barafu mpaka kwenye viwiko. Niseme nini kama sisemi chaza? Sina kingine. Nitakaa pale kama mtungi."

Fusae aliganda. Kama taa ingekuwa inawaka, mtu yeyote angeona mzimu umetishika. Mawazo yalimpita mengi kwa mara moja: anyamaze, awatoe nje, ajifutefute, jioni aingie mkahawani na suti yake ya buluu na kuinama kwa adabu. Nani angejua? Kimono, wigi na poda vingemficha. Lakini ule mkono ulikuwa bado umeushika wake, mkavu, umejaa makovu madogomadogo ya kisu. Bibi wa watu ameogopeshwa na mkuu wa mapokezi ambaye hayupo duniani.

"Bibi," alisema, "yule mama wa bibi harusi..."

"Unamjua?"

"Ndiye mimi."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

"Wewe ndiye mkuu wa mapokezi?"

"Ukuu sina. Lakini wageni nawapokea. Wewe mwenyewe umeona ninavyowapokea."

Kwanza kikatoka kimluzi, kama hewa inayotoka kwenye tairi. Kisha bega la bibi likaanza kuruka. Kisha akacheka, kicheko cha bandarini, cha mtu aliyezoea kushindana na kelele za injini na ndege wa baharini, akampiga Fusae pajani, akamkumbatia, akacheka tena mpaka machozi. Fusae naye akashindwa kujizuia. Koharu, asiyejua wanachekea nini, akaamua kucheka pia. Kule nje Bwana Okauchi, akija na tochi, alisikia sauti zile akadhani watu wanalia, akaanza kukimbia kuwaelekea.

"Naitwa Tokie," alisema bibi akipangusa macho. "Sikiliza, mwanangu. Siri ni yako. Utaitoa wewe ukitaka. Mimi mdomo wangu nitaufunga kama chaza mbichi."

Umeme ulirudi, lakini magoti ya Bibi Tokie hayakurudi. Kwa hiyo Fusae alimbeba mgongoni, mwepesi kama furushi la nguo, wakatokea mlango wa nyuma, mzimu mbele, bibi juu yake, mtoto ameshika mkono wa kimono. Mitsuyo alikuwa pale kwenye mvua na mwavuli, uso umemparama kwa hofu. Alipowaona aliachia mwavuli ukaanguka, akainama kwa yule mzimu, akainama mpaka nywele zake zilizotengenezwa saluni zikagusa magoti.

"Asante sana. Samahani sana. Tumekusumbua sana."

Fusae aliinama naye, wigi likamfunika uso wote, hakusema neno. Kwenye bega lake Bibi Tokie alikuwa akimfinya kwa nguvu zake zote ili asicheke yeye mwenyewe.

Saa kumi na moja kamili Fusae aliingia mkahawani na suti ya buluu, ngozi ya uso ikimuwasha kwa kusuguliwa. Hakupata nafasi ya kumwambia Chinatsu chochote. Wakainamiana, wakajitambulisha, wakakaa kwenye mikeka kuzunguka meza ndefu. Baba yake Keigo, mtu mnene mkimya, alishika bia yake kama anailinda. Koharu alikuwa amechoka, akalala palepale kwenye mto kabla supu haijaletwa. Bibi Tokie alikuwa akiitazama supu yake kama ina maandishi.

Mitsuyo ndiye aliyezungumza. Alizungumza juu ya treni, juu ya mvua, juu ya pweza mtamu wa mkahawa ule. Kisha akaweka vijiti chini.

"Mama Chinatsu, leo tumekuja kazini kwako bila kukuambia, tusamehe. Mtoto alitaka gurudumu. Lakini wacha nikwambie kilichotokea! Mama mkwe alikwama gizani mle kwenye Nyumba ya Mizimu, na mzimu mwenyewe, yule wa kisimani, akambeba mgongoni mpaka nje. Akaniinamia kwa adabu, sijapata kuona. Wewe kama mkuu wa mapokezi lazima unamfahamu. Ningependa nimpelekee zawadi. Anaitwa nani?"

Chinatsu aliacha kipande cha pweza kikaanguka kwenye mchuzi.

Fusae alimtazama binti yake. Alitaka kumwomba ruhusa kwa macho, lakini Chinatsu alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu, kama vile siku ile ya viatu mlangoni. Halafu, bila kuinua kichwa, Chinatsu akatikisa kidogo tu, juu na chini.

"Anaitwa Fusae," alisema Fusae.

"Oh, mna jina moja?"

"Jina moja, na kimono moja, na goti baya moja la kushoto. Ndiye mimi, Mama Keigo. Sijawahi kuwa mkuu wa chochote. Nakaa kisimani. Nimekaa humo tangu Chinatsu yuko shule ya msingi, na pesa ya shule yake yote imetoka humo. Nilisema mapokezi kwa sababu niliona aibu. Naomba unisamehe."

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Aliposikia mlio wa ajabu akainua macho. Baba yake Keigo alikuwa amecheka bia ikamtokea puani. Alikuwa akijaribu kuomba radhi, na kila akijaribu kicheko kilimrudia.

Mitsuyo hakucheka. Uso wake ulikuwa umeiva. "Nilikuinamia," alisema.

"Uliniinamia vizuri sana."

"Kwa nini hukuniambia? Nimefanya mazoezi ya kuzungumza na mkuu wa mapokezi mwezi mzima. Nimenunua na hii." Alishika blauzi yake. Sauti ilikuwa imepoteza pasi. "Mwezi mzima sijalala."

"Hakukuambia kwa sababu ileile uliyoniambia mimi nisitaje chaza," alisema Bibi Tokie, akaweka bakuli chini. "Sasa nataja. Chaza! Chaza, chaza, chaza. Tazameni." Akaweka mikono yake juu ya meza, kati ya pweza na kachumbari, makovu yote juu. "Huyu amenibeba mgongoni hanijui mimi ni nani. Mnataka mkuu gani zaidi ya huyo?"

Mitsuyo aliitazama mikono ile kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Kisha akachukua chupa, akammiminia mama mkwe wake bia, jambo ambalo asubuhi alikuwa amelipiga marufuku. Akammiminia na Fusae. Bia ikamwagika kidogo mezani.

"Nilitaka tu kila kitu kiende vizuri," alisema.

"Kimeenda," alisema Fusae, na aliposema ndipo aliposikia mabega yake yanashuka. Hakujua yalikuwa juu kwa miaka mingapi.

Chinatsu alivuta pumzi ndefu, akamgeukia mchumba wake. "Na wewe? Huna la kusema?"

Keigo alijikuna sikio. "Mimi naogopa mizimu toka utotoni."

"Hata mzimu ambaye ni mama mkwe?"

"Huyo zaidi."

Hapo hata Mitsuyo alishindwa. Alicheka ndani ya leso, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu, mpaka mhudumu akachungulia mlangoni kuuliza kama wanahitaji kitu. Sehemu iliyobaki ya jioni walizungumza juu ya chaza, juu ya polisi aliyemwacha mkewe, juu ya lifti zinazokwama na watu ndani. Mitsuyo hakugeuka mtu mwingine. Alipokuwa akiaga bado alirekebisha kola ya mumewe, na bado aliuliza kama siku ya harusi ingewezekana kusema tu "mfanyakazi wa bustani". Fusae akasema hilo halina ubaya, ni kweli. Bibi Tokie, akiingizwa kwenye teksi, alitoa kichwa dirishani akaahidi kurudi wakati wa baridi na kapu la chaza, na safari hiyo, alisema, atataka kuingia yeye mwenyewe ndani ya kisima aone kunakaaje.

Fusae na Chinatsu walibaki kando ya barabara, jua bado halijazama, lami inatoa mvuke wa mvua. Walitembea mpaka walipofika kwenye duka dogo la tambi nene za udon, lile ambamo watu hula wamesimama.

"Umeshiba?" aliuliza Chinatsu.

"Sikuweza kumeza hata kipande."

"Mimi pia."

Wakaingia. Mvuke uliwapiga usoni, mzee wa jikoni akawapa mabakuli mawili bila kuuliza maswali. Fusae alikula kwa pupa, akavuta tambi kwa sauti, akanywa mchuzi, akafuta jasho kwa leso. Chinatsu alimtazama kwa muda, kisha akachukua kipande chake cha tofu ya kukaanga, kile kikubwa kitamu ambacho watu hukihifadhi mwisho, akakihamishia kwenye bakuli la mama yake.

"Kula, Mama," alisema. "Kesho una wageni wa kupokea."